Siku tisa nyuma ya Legioni ya Pili

Kitabu cha kwanza nilikinunua mwaka 2009 mjini Reading, Uingereza, kutoka kwenye boksi la vitabu vya mitumba lililowekwa mlangoni mwa duka. Jalada lilikuwa limepauka na kurasa za mwisho zimelegea. Nilikuwa natoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, nikakifungua ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu. Humo nikakutana na Macro, akida wa jeshi la Kirumi, mtu wa miraba minne asiyejua kusoma wala kuandika, na Cato, kijana mwembamba aliyezaliwa mtumwa katika kasri la Kaisari, akapewa uhuru kwa sharti kwamba aende jeshini. Macro anamfundisha Cato upanga. Cato, kwa siri, anamfundisha Macro herufi.

Mwandishi ni Simon Scarrow, Mwingereza aliyezaliwa Lagos, Nigeria, na aliyekuwa mwalimu wa historia kabla kalamu haijaanza kumlisha. Kitabu hicho, Under the Eagle, kilitoka mwaka 2000. Vimefuata zaidi ya 20, na wale wawili wamepigana Britania, Yudea, Misri, Hispania, Armenia, kisha Britania tena, wakizeeka huku nami nikizeeka nao.

Kilichonishika ni babu, mzaa baba. Alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na mwaka 1944 walimpeleka Bama (Burma). Tulipokuwa watoto kule Korogwe tukimwomba hadithi za vita, hakututajia jenerali wala mfalme hata siku moja. Alitusimulia viatu, matope, ruba, posho, na sajini mmoja mwenye mdomo mchafu. Siku nilipomsoma Macro akilalamikia chakula cha kambini, nilimsikia babu akikohoa barazani.

Basi Septemba hii nimechukua likizo, nikamchukua na mpwa wangu wa miaka 22 anayesoma uhandisi hapa Uingereza, tukaamua kuifuata njia ya Legioni ya Pili Augusta, jeshi la Macro na Cato, kuanzia ufukwe waliposhukia kuivamia Britania mwaka 43 baada ya Kristo hadi kambi yao ya kudumu kule Wales. Treni, basi na miguu. Ndani ya shanta nimeweka kikombe cha bati cha babu.

Siku ya kwanza: Sandwich na Richborough

Tumeshuka stesheni ya Sandwich, mkoa wa Kent, saa nne asubuhi. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu kando ya mto Stour, nyasi zina umande na matunda ya mwibani yameiva, meusi. Shanta yangu nimeipima nyumbani, kilo 11, na baada ya nusu saa mabega yameshaanza kuuliza maswali. Askari wa legioni alibeba zaidi ya kilo 20 ukijumlisha silaha, deraya, sururu, sufuria na chakula cha siku kadhaa, akatembea hivyo hadi jioni, kisha akachimba handaki la kuzungushia kambi kabla hajala.

Richborough, Rutupiae ya Warumi, imenishangaza kwa kukosa bahari. Zamani hapa palikuwa na mlango mpana wa maji uliokitenga kisiwa cha Thanet na nchi kavu, na meli zilitia nanga hapohapo. Mchanga umejaza, bahari imesogea kilomita kadhaa, sasa ni malisho ya kondoo. Kuta kubwa za mawe unazoziona kwanza ni za karne ya 3, wakati wa kujilinda na maharamia. Mimi sikuzifuata hizo. Nilifuata mifereji miwili iliyochimbwa sambamba, duni kabisa kwa macho, ambayo ni alama ya jeshi lililoshuka mwaka 43. Juu yake mwaka 2023 wamesimamisha lango la mbao, mahali palepale lango la kwanza liliposimama. Tumepanda juu. Upepo ulikuwa mkali.

Nilimsimulia mpwa wangu jinsi jeshi lilivyogoma. Jemadari Aulus Plautius alikuwa na legioni nne na askari wasaidizi, watu kama 40,000, amewafikisha pwani ya Gallia, Ufaransa ya leo, nao wakakataa kupanda merikebu. Kwao Britania ilikuwa nje ya dunia. Kaisari Claudius akamtuma Narcissus, mtumwa wake aliyemwacha huru, akawahutubie. Askari walipomwona mtu aliyekuwa mtumwa anapanda jukwaa la jemadari, wakapiga kelele zote pamoja: "Io Saturnalia!" Ndiyo sikukuu yao ambayo watumwa huvaa nguo za mabwana. Wakacheka, na baada ya kucheka wakaingia melini. Kisa hicho kimeandikwa na mwanahistoria wa kale Cassius Dio. Wapo wataalamu wanaosema jeshi, au sehemu yake, lilishuka upande wa Chichester. Mimi nimesimama juu ya handaki hili na nimeridhika nalo.

"Mjomba," mpwa akaniuliza, "hawa waliogoma hawakuadhibiwa?"

Sikuwa na jibu. Tumekula mkate na mayai chini ya ukuta, tukarudi Sandwich kabla ya mvua.

Siku ya pili: mto Medway

Dio hautaji mto kwa jina. Anasema tu kwamba Wabritania walipiga kambi kwa kujiachia ng'ambo ya mto, wakiamini Warumi hawatavuka bila daraja. Wengi wanaona kuwa ni Medway, na upande wa mashariki, karibu na kanisa la kale la Burham, kuna jiwe la ukumbusho linalotaja vita hivyo na jina la Caratacus, kiongozi wa Wabritania. Tulitembea ukingoni asubuhi nzima. Maji yalikuwa yametoka, mto umebaki mwembamba katikati ya tope la kijivu linalong'aa, na ukilitazama tope hilo unaelewa hofu ya mtu aliyevaa chuma.

Waliovuka kwanza hawakuwa raia wa Rumi. Walikuwa askari wasaidizi, watu wa kabila la mbali waliozoea kuogelea na silaha zao, na wanahistoria wengi wanawataja kuwa Wabatavi, kutoka sehemu za Uholanzi ya leo. Walitokea pembeni kimyakimya, wakawalenga farasi badala ya watu, na bila farasi yale magari ya vita ya Wabritania yakawa mizigo. Ndipo Vespasian, kamanda wa Legioni ya Pili, akavusha vijana wake. Vita vililala vikaamka, siku ya pili ndiyo vikaamuliwa. Scarrow ameandika mapigano haya katika kitabu chake cha pili, na nilipokisoma nilikuwa nasikia maji ndani ya viatu vyangu.

Hapa nilitoa kikombe cha babu. Mpwa alikuwa hajawahi kukishika.

Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka mto Chindwin huko Kalewa, baada ya kukata bonde la Kabaw miezi yote ya masika ya Bama. Babu hakujua kuogelea. Mtu wa Korogwe, tuna mto Pangani mlangoni, lakini wa Pangani unaogopa mamba kwanza, kuogelea baadaye. Alisema walipewa amri ya kuacha kila kisicho cha lazima, na yeye akakifunga kikombe hiki kiunoni kwa kamba, kwa hoja kwamba akifa maji watamtambua kwacho. Kitako chake amekikwangua kwa msumari, tarakimu za namba yake ya jeshi. Mwenye vita ni mtu mwingine. Wewe unavuka kwa sababu umeambiwa vuka.

Ndiyo maana nawapenda wale Wabatavi na sijui jina la hata mmoja wao. Dio anamtaja Vespasian, anamtaja ndugu yake Sabinus, anamtaja Hosidius Geta aliyenusurika kutekwa kisha akavishwa heshima za ushindi. Waogeleaji wamebaki kundi.

Usiku tumelala kwa binamu yangu Barking. Tumekula wali na samaki wa nazi.

Siku ya tatu: London

Nusu siku tu, kwa sababu jeshi lilipopita hapa London haikuwepo. Ilianza miaka michache baadaye kama mji wa wafanyabiashara. Tumeingia kwenye hekalu la mungu Mithras, chini ya jengo la ofisi katikati ya mji, hakuna kiingilio, unaweka tu nafasi mapema. Kilichonivuta ni vibao vya mbao vilivyochimbuliwa hapohapo, zaidi ya 400, ambavyo zamani vilipakwa nta watu wakaandika kwa kalamu ya chuma. Nta imekwisha, michubuko imebaki kwenye mbao. Kimoja kina tarehe ya 8 Januari mwaka 57: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru wa Venustus, anakiri kudaiwa dinari 105 na Gratus, mtumwa aliyeachwa huru wa Spurius, bei ya bidhaa aliyoletewa. Askari wa legioni wakati huo alilipwa dinari 225 kwa mwaka, tena makato ya chakula na nguo yakitolewa humo humo. Fanya hesabu uone Tibullus alikuwa na deni la namna gani. Mpwa wangu alisimama mbele ya kibao kile muda mrefu kuliko popote. Mji huu ulianza na hati ya deni, akasema.

Siku ya nne: Colchester

Treni kutoka Liverpool Street, mwendo wa kama saa moja. Hii ndiyo Camulodunum, makao makuu ya maadui, ambako Claudius mwenyewe alikuja kupokea ushindi. Jeshi lilisimamishwa kando ya Thames limngoje. Akaja na kikosi chake cha ulinzi, na Dio anasema hata tembo walikusanywa kwa safari hiyo. Alikaa Britania siku 16, akarudi kwao kufanyiwa gwaride.

Ngome ya Wanormani iliyoko katikati ya mji imejengwa juu ya msingi wa hekalu la Claudius. Ndani ni makumbusho, na humo kuna mawe mawili ya makaburi niliyoyasubiri kwa miaka.

La kwanza ni la Marcus Favonius Facilis, akida wa Legioni ya Ishirini. Lilichimbuliwa mwaka 1868. Amechongwa amesimama wima, deraya, joho begani, na mkononi fimbo ya mzabibu. Fimbo hiyo ndiyo alama ya cheo cha akida na ndiyo aliyowachapia askari. Mwanahistoria Tacitus anamtaja akida mmoja, Lucilius, waliyembandika jina la "Lete nyingine", kwa kuwa alikuwa akivunja fimbo mgongoni mwa askari, anaitisha nyingine, na nyingine. Maasi yalipozuka mwaka 14 askari walimuua. Macro wa vitabuni anatembea na fimbo hiyohiyo, na Scarrow hamfichi: ni mtu mwema mwenye mkono mzito. Facilis naye aliyemwekea jiwe si mke wala mtoto. Ni Verecundus na Novicius, watumwa aliowaacha huru. Nimelisoma jina la kila mmoja kwa sauti ya chini.

La pili ni la Longinus Sdapeze, mwana wa Matygus, mpanda farasi wa kikosi cha Wathraki, mzaliwa wa Sardica, mji unaoitwa leo Sofia, Bulgaria. Amekufa na miaka 40, kumi na mitano ya utumishi. Lilipatikana mwaka 1928 bila uso, na uso wenyewe ukaja kupatikana mwaka 1996.

Nilianza kumweleza mpwa kuhusu miaka hiyo 15. Askari msaidizi alitumikia miaka 25, na mwishoni alipewa uraia wa Rumi, yeye na watoto wake, ukiandikwa kwenye bamba la shaba. Utaratibu huo ulishika enzi za Claudius huyuhuyu. Longinus alibakiza miaka kumi. Nikasema, babu naye alirudi Korogwe na koti, medali na kikombe. Nilikuwa nimeshapata uzito wa maneno yangu mwenyewe na nilitaka kuendelea.

"Na huyu je, mjomba?"

Alikuwa anaonyesha chini ya farasi. Nilikuwa nimeiangalia picha ya jiwe hili mtandaoni mara nyingi mno, na ninaapa sikuwahi kumtazama. Chini ya kwato kuna mtu uchi, amejikunyata, ndevu na nywele timtim. Hana jina. Amewekwa pale ili Longinus aonekane yuko juu.

Miaka kama kumi na saba baada ya uvamizi, Boudica, malkia wa kabila moja la Wabritania, alikuja na watu wake akaichoma Camulodunum yote. Tacitus, Mrumi, ndiye anayeeleza sababu: wanajeshi wastaafu waliopewa makazi hapa waliwafukuza wenyeji majumbani na mashambani, wakiwaita mateka na watumwa, na hekalu lile la Claudius wenyeji waliliona ni ngome ya kutawaliwa milele. Wanaochimba misingi mjini bado wanakutana na tabaka jekundu la udongo ulioungua. Kiinua mgongo cha askari kilikuwa shamba la mtu.

Hatukuzungumza sana kwenye treni ya kurudi.

Siku ya tano: njiani

Mvua kutwa. Treni ya Waterloo hadi Dorchester, Dorset, mwendo wa karibu saa tatu. Kidole changu kidogo cha kushoto kimetoka lengelenge na nimelifunga plasta. Viatu vya askari wa Kirumi vilikuwa vya kamba za ngozi, vyenye misumari ya chuma chini, kama njumu. Babu alikuwa akikagua nyayo zetu sisi wajukuu kila Jumamosi, akiamini kwamba mtu hafi kwa risasi, hufa kwa mguu.

Katikati ya safari mpwa akaniuliza kama hawa Warumi waliwahi kufika kwetu. Nikamwambia kuhusu kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki, kinachotaja pwani ya Azania na bandari yake ya mwisho, Rhapta, jina linalotokana na mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba. Mitepe ya mababu zetu ilishonwa hivyohivyo. Walinunua pembe za ndovu na magamba ya kasa, wakaleta mikuki na mashoka. Kitabu kile na vita vya Legioni ya Pili ni vya karne moja. Kisha nikamweleza maakida wawili ambao Kaisari Nero aliwatuma wapande mto Nile watafute chanzo chake. Mwanafalsafa Seneca anaandika kwamba aliwasikia wenyewe wakisimulia: walifika kwenye mabwawa makubwa, majani yamesokotana na maji, hayapitiki kwa mguu wala kwa chombo. Wasomi wengi wanaona ni lile bwawa la Sudd, Sudan Kusini. Maakida wawili! Scarrow aliwapeleka Macro na Cato Misri wakapigane na Wanubi katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Mimi ningemsihi awafikishe na Sudd, wasimame mbele ya mafunjo yale, na Macro atukane.

Siku ya sita: Maiden Castle

Kwa mujibu wa Suetonius, mwandishi wa Kirumi, Vespasian na legioni yake walipigana vita 30 upande huu wa kusini-magharibi, wakatiisha makabila mawili yenye nguvu, miji zaidi ya 20 na kisiwa cha Wight. Wenyeji wa Dorset walikuwa Wadurotriges, na miji yao ni maboma ya vilimani.

Picha haikuandai. Kilima chote kimekatwa matuta, moja nyuma ya jingine, na ukiingia bondeni kati ya matuta hayo huoni tena mji wala barabara, unaona nyasi na mbingu. Eneo la ndani ni kama hekta 19. Tulizunguka kwa saa mbili tukiwa na kondoo.

Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alichimba hapa kati ya mwaka 1934 na 1937. Kwenye lango la mashariki alikuta makaburi, baadhi ya maiti wana majeraha mabaya, na mmoja ana ncha ya chuma imezama kwenye uti wa mgongo. Akaandika simulizi ya siku moja ya maangamizi, Legioni ya Pili ikiwachinja watu langoni. Simulizi hiyo ilitembea kizazi baada ya kizazi. Lakini mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bournemouth walichapisha vipimo vipya vya mifupa, na vinaonyesha kwamba watu wale walikufa katika miongo tofauti, kuanzia mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo hadi mwanzoni mwa karne ya 1 baada yake. Wengi waliuawa kabla jeshi la Claudius halijaonekana. Inaelekea walikuwa wakiuana wao kwa wao.

Nilikaa chini langoni. Kwa miaka nimekuwa na picha ya mauaji haya kichwani, na sasa sina. Mifupa tumeiona alasiri kwenye makumbusho ya Dorchester. Yule mwenye chuma mgongoni nimemtazama usoni, kama ninavyotakiwa kumtazama mtu.

Siku ya saba: Hod Hill

Tungekuwa na siku moja tu ya safari hii, ningechagua hii.

Basi hadi Blandford Forum, jingine hadi Stourpaine, kisha njia ya mlima iliyonitoa jasho. Juu hakuna kibanda cha tiketi, hakuna mtu. Boma hili ni kubwa kuliko Maiden Castle kwa eneo, hekta kama 22, na kwenye pembe ya kaskazini-magharibi utaona jambo ambalo halihitaji maelezo. Warumi walilitwaa boma, kisha wakajenga kambi yao ndani yake. Hawakulibomoa. Walijibanza kwenye pembe moja, wakatumia matuta ya wenyeji kwa pande mbili, wakachimba mahandaki yao yaliyonyooka kwa pande mbili zilizobaki. Kona zao ni za kupimwa kwa kamba.

Ian Richmond alichimba hapa miaka ya 1951 hadi 1958. Kwenye nyumba moja ya duara, kubwa kuliko jirani zake, alikuta ncha 11 za mishale ya mtambo, ile inayofyatuliwa na askari wawili kwa kukaza kamba. Aliona kwamba walilenga nyumba ya mkuu mpaka boma zima likajisalimisha. Kambi yenyewe haikukaa hata miaka kumi, jeshi likasonga mbele.

Pembe ya kusini-mashariki haikuwahi kulimwa vizuri kwa jembe la ng'ombe wala trekta. Jua lilikuwa limelala, na hapo ndipo tulipoziona: vishimo vya duara ardhini, kimoja, kingine, makumi. Nyumba. Kila kimoja kilikuwa na paa la nyasi, jiko katikati, na mlango. Mpwa aliingia ndani ya kimoja akakaa. Ni saizi ya nyumba ya msonge kama zile za bibi zake upande wa baba yake, Wahaya.

"Mlango wao ulikuwa huku," akasema, akinyoosha mkono. Alikuwa anatazama moja kwa moja kule kwenye pembe ya kambi. Huenda watu hawa, siku walizobaki nazo hapa, walichungulia mlangoni wakaona ukuta wa Legioni.

Nikamwambia ukweli niliokuwa nao. Nimesoma vitabu zaidi ya 20 nikimwombea Macro asife. Nitavisoma tena na nitamwombea tena. Babu naye alifyatua risasi katika vijiji vya watu ambao hawakumfanyia lolote, na aliliongea mara moja tu, usiku, alipokuwa mgonjwa, akimwambia baba yangu, mimi nikiwa nimejifanya nimelala. Alisema kulikuwa na chungu mekoni, bado kinachemka.

Mpwa hakujibu. Alinisogezea chupa ya maji. Tulishuka giza likiingia tukakosa basi, tukatembea hadi Blandford, kilomita tano na ushee, kwenye ukingo wa barabara, yeye mbele na tochi.

Siku ya nane: Exeter

Treni mbili na kusubiri kwingi. Legioni ilihamia hapa kama mwaka 55. Mwaka 1971 walichimbua hamamu yao mbele ya kanisa kuu, kisha wakaifukia ihifadhike, kwa hiyo unasimama juu ya majani mabichi ukijua kilichoko chini. Ni hapa, kwa dhana ya wengi, alipokuwa Poenius Postumus, mkuu wa kambi wa Legioni ya Pili, Boudica alipochoma miji. Gavana alimwita aje na jeshi. Hakuja. Wengine waliposhinda bila yeye, alijiua kwa upanga wake, kwa sababu, anasema Tacitus, aliwanyima watu wake sehemu ya utukufu na alivunja amri. Hakuna ajuaye kilichompita moyoni siku alizokaa na barua ile. Nimeketi kwenye benchi nikimfikiria kuliko nilivyomfikiria Vespasian safari nzima, na Vespasian alikuja kuwa Kaisari.

Siku ya tisa: Caerleon

Kutoka Newport, Wales, ni basi la dakika chache. Isca. Legioni ilifika hapa kama mwaka 75 na ikakaa vizazi na vizazi. Uwanja wa michezo, uliojengwa kama mwaka 90 kwa watazamaji 6,000, umefunikwa nyasi laini na watoto wa shule walikuwa wakikimbizana ndani. Kwenye makumbusho kuna vito 88 vilivyopatikana kwenye mfereji wa maji wa hamamu: gundi ya pete ililegezwa na mvuke, jiwe likadondoka, likazama, na askari akatoka hamamuni na pete yenye tundu.

Halafu mabweni. Misingi imebaki, mistari mirefu ya mawe ya kufika magotini. Kila bweni ni la watu 80 na akida wao, akida ana vyumba vyake mwishoni. Askari wamegawanywa wanane wanane, chumba cha kulala na kichumba cha mbele cha vifaa. Mpwa alipima kwa hatua zake, akahesabu tena kwa mikono, akatikisa kichwa. Wanane, na mizigo yao, kwa miaka 25.

Tulikaa juu ya ukuta wa chumba kimoja. Nilikuwa nimenunua chai dukani, nikaimimina kwenye kikombe cha babu ili inywewe kwa zamu. Mpwa alipokimaliza alikigeuza chini juu, akafuta kitako kwa mkono wa sweta, akaanza kuzitafuta tarakimu kwenye mwanga.

"Hii ni saba au moja, mjomba?"

"Saba."

Akaisoma namba yote kwa sauti, kisha akakitia kikombe kwenye shanta yake.